Harriet Powers: jinsi utafiti wa ukoo ulivyomrudishia mama mshonaji jina na sauti yake

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 kuna jambo ambalo sisi wahubiri tunalipita haraka. Petro anapofika Yafa, wajane wanamzunguka wakilia. Hawamwelezi kwa maneno mengi Tabitha alikuwa mtu wa namna gani. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Nguo zinatoa ushuhuda. Lakini Luka hakuishia kwenye nguo. Aliandika pia jina la mama huyo, tena kwa lugha mbili: Tabitha na Dorkasi. Nguo zile zilioza zamani sana, ila jina tunalo hadi leo.

Mara nyingi mambo huenda kinyume. Nguo inabaki, jina la aliyeishona linapotea. Makala hii inaeleza habari za mama mmoja Mkristo wa Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani, na jinsi watafiti walivyotafuta maisha yake katika sensa, hati za ardhi, makaburi na barua. Ni habari ya mbali na kwetu, lakini wapendwa wasomaji wataona kwamba swali lake linagonga mlango wa kila parokia: nani anakumbuka majina ya mama waliofanya kazi ya mikono kwa ajili ya nyumba ya Mungu?

Kwilti ni nini?

Wamarekani wana aina ya blanketi wanayoiita kwilti. Inatengenezwa kwa tabaka tatu. Tabaka la juu hushonwa kwa vipande vingi vya nguo, mara nyingi mabaki ya mashati na magauni yaliyochakaa. Katikati huwekwa pamba. Chini kunakuwa na kitambaa kimoja kipana. Halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa mishono inayopita toka juu hadi chini. Kuna pia njia nyingine: mshonaji anakata sura za watu, wanyama au nyota katika kitambaa, kisha anazishonea juu ya kitambaa kingine. Hivyo ndivyo Harriet Powers alivyofanya.

Kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake, matajiri na maskini, huru na watumwa. Wengi hawakutia jina. Isipokuwa palikuwa na kwilti za sahihi, zilizopendwa sana katika makanisa ya Kiprotestanti tangu miaka ya 1840. Waamini waliandika au kushona majina yao, kila mtu katika kipande chake, na mara nyingi kwilti hiyo ilitolewa kwa mchungaji aliyekuwa anahamishwa. Nyingine zilishonwa kwa kuchanga fedha: mtu analipa kiasi kidogo, jina lake linawekwa. Kwa mtafiti wa leo, kwilti kama hiyo ni kama daftari la kanisa lililoandikwa kwa sindano.

Mama Harriet na kwilti zake mbili

Harriet Powers alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mtumwa. Mwaka 1855 aliolewa na Armstead Powers, na walizaa watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa, naye akawa mtu huru akiwa na miaka 27.

Mwaka 1886 alionyesha kwilti moja katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Ilikuwa na picha 11 za Biblia: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vipande thelathini vya fedha, Karamu ya Bwana, kusulubiwa, na nyingine. Mwalimu mmoja mzungu wa uchoraji, Jennie Smith, aliiona akataka kuinunua. Mama Harriet akakataa. Miaka minne hivi baadaye, maisha yalipokuwa magumu, alikuja mwenyewe kwa gari la ng'ombe, kwilti iko mapajani, imefungwa ndani ya mfuko safi wa unga. Aliomba dola 10. Smith alikuwa na 5 tu. Akauza, lakini kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na Smith akaandika. Baadaye Mama Harriet alirudi mara kadhaa kuiangalia kazi yake.

Kwilti ya pili ina picha 15. Ndani yake Ayubu anawaombea adui zake, Musa anainua nyoka wa shaba, Yona anatupwa baharini. Lakini kuna pia mambo ambayo watu wa Marekani waliyasimulia kwa vizazi: siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, mvua ya nyota zilizoanguka tarehe 13 Novemba 1833, na Alhamisi ya baridi kali ya Februari 1895. Mama huyu aliweka hukumu na rehema za Mungu katika Biblia na katika nchi yake kwenye kitambaa kimoja. Mwaka 1898 kwilti hiyo ilitolewa zawadi kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa Union Theological Seminary ya New York.

Leo ya kwanza iko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington, na ya pili katika Museum of Fine Arts mjini Boston. Ni hizo mbili tu zinazojulikana kuwa zimebaki.

Miaka mingi ya kumjua nusu

Mama Harriet alipokufa, kazi yake ilibaki mikononi mwa watu wengine. Karibu kila kitu kilichojulikana juu yake kilipitia kalamu ya Jennie Smith. Tusimdharau mwalimu huyo: bila maandishi yake tusingejua maana ya picha zile. Lakini aliandika kama mzungu wa wakati wake, na maisha ya mama mwenyewe hayakumshughulisha sana.

Hivyo pengo likajazwa kwa kukisia. Kwa kuwa Harriet alikuwa amezaliwa mtumwa, waliomwandika waliamini hakujua kusoma, na kwamba hadithi za Biblia alizipata kwa masikio tu, kutoka kwa wahubiri. Vitabu vingi viliandika kwamba alikufa mwaka 1911. Kaburi lake halikujulikana. Na kwa kuwa kwilti zilizoonekana zilikuwa mbili, ilikuwa rahisi kudhani kwamba alishona mbili tu.

Mambo hayo manne yalikuja kusahihishwa au kutiliwa shaka, moja baada ya jingine. Hakuna lililosahihishwa kwa kuangalia kitambaa. Yote yalitoka katika kazi ya polepole ya kutafuta ukoo.

Karatasi zilizosema

Katika miaka ya 1970 mtafiti mmoja mwenye asili ya Afrika, Gladys-Marie Fry, alianza kuuliza kumbukumbu za serikali juu ya mama huyu. Kazi ya namna hiyo haianzi na makumbusho. Inaanza na sensa.

Sensa ya Marekani ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyoandika kwa majina watu wengi waliotoka utumwani. Humo Harriet Powers anaonekana pamoja na mume wake na watoto, na kazi yake imeandikwa kuwa ni kutunza nyumba. Maneno machache, lakini ni maneno makubwa. Katika orodha za watumwa za miaka ya 1850 na 1860, mtumwa hakuandikwa jina. Liliandikwa jina la bwana wake, na chini yake mistari: mwanamke, miaka fulani, rangi fulani. Mtoto Harriet wa miaka 12 ni mmoja wa mistari hiyo.

Baada ya sensa zinakuja hati za ardhi na kodi, zinazotunzwa katika mahakama za wilaya. Hizo zilionyesha kwamba Harriet na Armstead walifika kuwa na shamba lao wenyewe, ekari nne, jambo si dogo kwa watu waliotoka utumwani bila kitu. Zilionyesha pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890 walianza kuuza shamba hilo kipande kwa kipande. Ukiweka habari hiyo kando ya siku ile ya gari la ng'ombe, unaelewa. Mama hakuuza kwa sababu kazi yake imemchosha. Shida ilikuwa imeingia nyumbani, na nyaraka za serikali zinakubaliana na hadithi aliyoiacha mnunuzi.

Halafu kaburi. Mjini Athens kuna makaburi yanayoitwa Gospel Pilgrim, yaliyoanzishwa mwaka 1882 na chama cha Wamarekani weusi waliochanga fedha ili kila mwanachama azikwe kwa heshima. Miaka ilipopita, majani na miti vilifunika mahali hapo. Mwezi wa Januari 2005, jiwe la Harriet Powers na mume wake lilionekana tena humo. Juu yake tarehe ya kifo cha mama ni 1 Januari 1910. Jiwe moja lililosafishwa likasahihisha vitabu vya miaka mingi.

Mwisho, barua. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks, naye mshonaji wa kwilti, alitangaza habari za barua ambayo Harriet Powers alimwandikia mwaka 1896 mwanamke mmoja wa Keokuk, jimbo la Iowa. Mwanamke huyo alikuwa amevutiwa na kwilti yake katika maonyesho makubwa ya Atlanta mwaka 1895. Nakala ya barua ilikuwa imelala mbali sana na Georgia, upande wa aliyeipokea. Ndani yake Mama Harriet anaeleza maisha yake ya utumwani, anasema alijifunza kusoma, na anataja kwilti zisizopungua nne, mojawapo ikiwa ya Meza ya Bwana.

Tusome tena hapo polepole. Kwa miaka mingi watu wenye nia njema, waliompenda na kumsifu, walisema hakujua kusoma. Naye alikuwa amekwisha kujibu kabla hawajazaliwa. Hakuna aliyekuwa ameitafuta barua.

Njia wanayofuata watafiti

Kutokana na kazi hizi na nyingine kama hizo, njia ya kutafuta maisha ya mshonaji wa zamani inaweza kufupishwa hivi.

1. Kuanza na kitambaa chenyewe. Je, kuna herufi, tarehe au jina pembeni au upande wa nyuma? Rangi na mishono pia zinaongea. Rangi ya kwanza ya zambarau ya viwandani ilipatikana mwaka 1856. Kwa hiyo kitambaa chenye rangi hiyo hakiwezi kuwa cha mwaka 1840, hata kama jamaa wanaapa. Mishono ya cherehani nayo haiwezi kutangulia cherehani.

2. Kufuata mikono iliyopokezana. Nani alikuwa nayo kabla ya huyu? Aliipata kwa urithi, kwa zawadi au kwa kununua? Kwilti ya kwanza ya Harriet ilitoka kwake kwenda kwa Smith, na baada ya kifo cha Smith ikapita kwa rafiki aliyesimamia mali yake, ndipo ikafika Smithsonian. Mnyororo ukikatika, usiuunge kwa kukisia.

3. Kuuliza wazee, na kuandika siku hiyohiyo. Mwaka 1981 katika jimbo la Kentucky ulianza mradi wa kuwaalika watu walete kwilti za nyumbani kwao. Ziliangaliwa, zikapigwa picha, na habari za washonaji zikaandikwa. Majimbo mengine yakafuata.

4. Kwenda kwenye sensa, kwa kurudi nyuma. Unaanza na mwaka unaojulikana, unashuka miaka kumi kumi. Sensa ya mwaka 1900 ina faida kubwa kwa habari za mama: iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto aliowazaa na idadi ya walio hai. Ile ya mwaka 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa mwaka 1921, kwa hiyo mtafiti analazimika kuvuka pengo la miaka ishirini kwa njia nyingine.

5. Kutafuta nyaraka za jirani: ndoa, ardhi, kodi, wosia, vitabu vya ubatizo, magazeti. Kwa waliotoka utumwani kuna pia vitabu vya benki iliyofunguliwa kwa ajili yao mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1874. Mtu alipofungua akaunti aliulizwa majina ya wazazi, mume au mke, watoto na ndugu. Kuna jamaa ambazo zimejipata hapo tu.

6. Kumfuata mwanamke katika majina yake yote. Binti ana jina la baba, mke ana jina la mume, mjane akiolewa tena ana jina la tatu. Ukitafuta jina moja tu, utamwona mtu mmoja kama watatu, au hutamwona kabisa.

Mitego ya kuepuka

Mtego wa kwanza ni hadithi nzuri kupita ushahidi. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichosema kwamba watumwa waliokimbia waliongozwa na alama za siri zilizoshonwa katika kwilti. Habari hiyo ilipendwa mashuleni na makanisani. Lakini wanahistoria wa kwilti walipotafuta, hawakuona alama hizo katika kwilti zilizobaki za wakati huo wala katika masimulizi ya watu waliotoroka. Ujasiri wa waliotoroka ni wa kweli na hauhitaji kupambwa.

Mtego wa pili ni kuchukua mfanano kama ukoo. Wataalamu wamelinganisha sura za Harriet Powers na vitambaa vya Dahomey ya zamani, yaani Benin ya leo, na hata na alama za Kongo. Inawezekana mikono ilikumbuka yale ambayo midomo ilikatazwa kusema. Ila hakuna karatasi inayotaja babu zake walitoka pwani gani. Sisi Wakongomani tungefurahi kumwita binti yetu, lakini furaha si ushahidi.

Mtego wa tatu ni jina lenyewe. Huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, kijiji kinachojulikana kwa kwilti zake, watu wengi wanaitwa Pettway. Si kwamba wote ni wa damu moja. Pettway lilikuwa jina la mwenye shamba aliyewamiliki babu zao. Mtafiti anayeunganisha watu kwa jina tu atajenga ukoo wa uongo.

Biblia inatufundisha uaminifu huo. Katika Nehemia sura ya 7 kuna jamaa za makuhani walioutafuta uandikisho wao katika orodha za ukoo, wasiuone. Nehemia hakuwaandikia ukoo mpya ili kuwafurahisha. Aliandika kwamba haukuonekana. Kuacha nafasi wazi ni sehemu ya ukweli.

Na sisi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa naandaa historia fupi ya parokia yetu kwa ajili ya sherehe, niliandika majina ya wachungaji wote waliotangulia, na miaka yao. Nilifurahi sana. Kisha mama mmoja mzee akaniuliza kwa upole: "Muchungaji, na kile kitambaa cha Meza ya Bwana, alikishona nani?" Kitambaa hicho nilikuwa nimesimama mbele yake kwa miaka mingi. Kina maua na msalaba, na pembeni herufi mbili za uzi mwekundu. Sikujua jibu. Yeye alijua jina la ndoa tu, "mama fulani", yaani jina la mtoto wake wa kwanza. Jina lake mwenyewe, la ubatizo, hakulikumbuka. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa walioweza kujibu walikuwa wamezikwa katika miaka ambayo mimi niliwahubiria na sikuwauliza.

Katika sehemu zetu za mashariki, vitabu vya ubatizo vimechomwa, vimeibwa, vimeachwa nyuma watu walipokimbia. Hatuna sensa kama ile ya 1870 ya kutukomboa. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema. Umoja wa wamama katika kila parokia unaweza kuchukua daftari moja na Jumapili chache. Kila kitambaa cha kanisa kipigwe picha kwa simu. Kando ya picha iandikwe: nani alikishona, jina lake la ubatizo na la baba yake, alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, nani ametoa habari hii, na tarehe ya leo. Lisilojulikana liachwe wazi. Daftari likiisha lifanyiwe nakala, na nakala ikae nyumba nyingine, si katika sanduku lilelile.

Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu angeweza kutaja wanaume tu, kama ilivyokuwa desturi. Alimtaja Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Mariamu. Mmoja wao hata yeye alimwita kwa jina la mumewe, lakini hakumwacha nje.

Mwaka 2021 kwilti mbili za Harriet Powers ziliwekwa pamoja katika maonyesho moja mjini Boston. Wageni waliosimama mbele yake walisoma chini yake jina kamili la mama, mwaka wake wa kuzaliwa na mwaka wake wa kweli wa kufa.

Kitambaa chetu cha Meza ya Bwana bado kina herufi mbili tu. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakwenda na mama yule mzee kumtembelea mjane mwenzake anayeishi ng'ambo ya mto. Wanasema yeye aliimba kwaya moja na aliyekishona. Nitabeba daftari.